Mwaka Nilioikata Sauti ya Mama Remi

Skolastika alinipigia simu nikiwa nimekaa kwenye benchi la fundi viatu mjini Kahama, mguu mmoja ndani ya kiatu, mwingine ukiwa na soksi tu. Namba sikuijua. "Ni Skola wa Kasense," alisema, kama mtu tuliyeachana naye juzi, nami nikasimama na soksi ile ile juu ya vumbi. "Kaka yangu ametutoka. Remi. Tumemzika Jumamosi." Nikamwuliza aliumwa nini. Akasema ini, miezi mitatu, mwishoni hakula chochote ila uji. Nikasema pole, nikasema tena pole, nikatafuta neno la tatu nikalikosa. "Nimeona nikuambie," akasema. "Basi." Akakata. Fundi viatu, aliyekuwa akinitazama muda wote, akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia ndiyo, rafiki yangu. "Wa karibu?" akauliza. Remi na mimi tulifanya kazi chumba kimoja kwa mwaka mmoja tu, kisha tukakaa miaka kumi na miwili bila kusemezana. Sijui mtu wa namna hiyo huhesabiwa wa karibu au wa mbali.

Nimeishi miji mingi. Wenzangu wa miaka arobaini na kitu huhesabu umri kwa watoto na kwa nyumba walizojenga, mimi nahesabu kwa vyumba nilivyopanga, na vingi nimeshavisahau. Chumba ambacho hakinitoki kilikuwa Sumbawanga, nyuma ya duka la mablanketi la Mama Rukia. Nilifika pale nikiwa na miaka thelathini na moja, barabara ya lami kutoka Tunduma ikiwa bado mpya, na ndani ya begi langu kitu pekee cha maana kilikuwa tableti niliyoinunua kwa mtu pale mpakani. Siku hizi tunaambiwa tuseme kishikwambi. Sisi tuliita tableti, na Mama Rukia aliita "kisahani chenu". Ndani yake kulikuwa na programu ya kutengenezea muziki: unarekodi sauti yoyote, unaikata vipande, unavipanga kwenye kurasa zenye vitufe kumi na sita vya rangi rangi, kisha unapiga kwa vidole kama mtu anayecheza ngoma mezani. Mji mzima ulikuwa na studio mbili za kompyuta, lakini umeme ulikuwa unakatika hovyo, na kompyuta bila umeme ni sanduku. Tableti ilikuwa na betri yake. "Umeme ukikatika, sisi ndiyo tunafungua," Remi alipenda kuwaambia wateja, na kweli walikuja wakikimbia.

Kuta za chumba kile zilirudisha mwangwi mbaya, kwa hiyo nilimwomba Mama Rukia mablanketi ya kutundika. Alikuwa mama mnene, mcheshi, familia yao ikiwa na maduka na malori ya kupeleka mizigo bondeni Rukwa, na hakuwa mtu wa kukataa jambo bila kulitania kwanza. "Mtaimba ndani ya mali yangu?" aliuliza. "Haya. Lakini msinitobolee na misumari, tumieni kamba. Na likinuka sigara hata moja, umelinunua." Basi studio yetu ikajengwa kwa bidhaa. Ilitokea tuko katikati ya wimbo, kwaya imefika kwenye kiitikio, mlango unafunguliwa: "Samahani wanangu, mteja anataka la zambarau." Anafungua kamba, anaondoka na ukuta wa kushoto. Tunamalizia wimbo na mwangwi wake, na ukiusikiliza vizuri unasikia kabisa mahali ambapo blanketi liliuzwa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Ufipa inapoingia mpaka kwenye fizi, yaliuzwa mengi, na nyimbo zetu za majira yale zote zina mwangwi.

Remi alikuja na kwaya ya vijana ya kigango chao wiki yangu ya kwanza, wenzake wakaondoka, yeye akabaki anatazama vidole vyangu. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mrefu, mwenye tabia ya kugonga kila kitu kwa kucha ili asikie kinasemaje: sufuria, fremu ya dirisha, meno yake mwenyewe. "Kaka, hizi ngoma zako zote ni za watu," aliniambia siku ya tatu. Nikamwuliza za watu kivipi. "Zimekuja na programu. Yule wa Mbeya anazo, wa Dodoma anazo. Sisi tunapiga ngoma ya nani?" Ndivyo tulivyoanza kuzunguka kurekodi. Tulirekodi kengele za ng'ombe, mchi kwenye kinu, mvua juu ya bati la msikiti saa ambayo hakuna swala, mnyororo wa baiskeli inayoteremka kuelekea Muze na magunia ya viazi. Jioni tulikula wali wa Ilemba na samaki wa ziwani kwenye mgahawa wa jirani, tableti katikati ya sahani, tukibishana kipande kipi kiwe kitufe kipi. Tukishakubaliana nilihifadhi mpangilio wote kwa jina moja. Watu wa kazi hii huita preseti. Ukiifungua, vitufe vyote vinarudi kama ulivyoviacha, kila sauti mahali pake. Baada ya miezi miwili vijana wa bongo fleva walikuwa wanakuja wakiitaka kwa jina: "Tuwekee ile ya kinu, mshikaji."

Mimi ndiye niliyekuwa na nidhamu ya mafaili. Nasema hivyo bila kujisifu, maana nidhamu yenyewe ndiyo iliyoniumbua. Remi angeacha kila kitu kimetapakaa na majina ya namba. Mimi nilitengeneza folda, nikabadilisha majina, nikafuta marudio. Na nilikuwa na sheria moja niliyojifunza kwa watu wa kazi hii kabla sijafika Ufipa: kipande kinaanza pale sauti inapoanza. Ukiacha hata pumzi kidogo kwenye kichwa cha kipande, ukikigusa kitufe sauti inachelewa, na biti inaonekana inachechemea. Kwa hiyo unakata karibu kabisa, unaondoa kimya, unaondoa pumzi, unaondoa mlio wa nguo. Tuliita uchafu. Nilikuwa mwepesi sana wa kuondoa uchafu.

Mwezi wa saba Remi alinipeleka kwao Kasense, kumrekodi mama yake akipura ulezi. Mama Remi alikuwa mjane wa miaka sitini hivi, mfupi, mwenye sauti ambayo hukuitarajia kutoka kwenye kifua kile, nzito mbele, na nyuma yake kama kuna mtu mwingine mdogo anaimba. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika na kunishika mkono kwa mikono yake miwili, akaendelea kwa Kifipa ambacho sikukielewa, Remi akacheka. "Anasema umekonda, na kwamba mtu mwembamba hawezi kufanya kazi ya kelele." Walikuwapo wanawake wa jirani sita, na dada mkubwa wa Mama Remi, ambaye Remi na Skola walimwita Mama Mkubwa. Masuke yalikuwa yametandazwa kwenye uwanja uliosakafiwa kwa udongo. Walisimama safu mbili, kila mmoja na fimbo yake, Mama Remi akaanzisha.

Sijapata kusikia kitu kama kile, na nimerekodi watu wengi tangu hapo. Aliimba mstari, safu ikaitika, fimbo zikashuka, vumbi la ulezi likapanda mpaka magotini. Nilishika tableti kwa mikono miwili nikiwa nimechuchumaa kwenye upepo, nimeifunika maikrofoni kwa kofia yangu ya sufu. Nyimbo nne, mmojawapo wa dakika kumi na moja. Kati ya wimbo na wimbo walipumzika, wakataniana, mama mmoja akamwuliza Remi mbona haoi, au ameoa hicho kisahani. (Neno la Mama Rukia lilikuwa limeshafika Kasense kabla yetu.) Baadaye tulikula ugali wa ulezi, mweusi na mtamu, na maharage, tumekaa kwenye mkeka upande ambao nyumba inazuia upepo. Niliporudishia kipande kidogo wasikie, Mama Remi alijifunika uso kwa kanga. Remi alinitafsiria: hakujua kwamba sauti yake imezeeka hivyo.

Wiki iliyofuata nilikaa siku tatu nikikata. Nilitoa "eeh" yake ya kuanzisha, nikatoa kicheko, kikohozi kimoja kizuri kavu, makofi, fimbo moja moja, na mistari mifupi mifupi ya wimbo, neno moja hapa, maneno mawili pale. Nilivipa majina kwa jinsi vilivyosikika kwangu, kwa kuwa maana yake sikuijua: mama juu 1, mama juu 2, mama chini, mama ndefu. Jumla sitini na vitatu. Kila kimoja nilikikata kichwa kwa uangalifu. Remi aliposikia preseti ilivyokaa alinikumbatia mpaka miwani yake ikaanguka. Tulitengeneza nayo biti tatu, na kwa mara ya kwanza watu wa redio ya mjini walituma mtu kutuuliza ile sauti ni ya nani.

Mwezi wa tisa ikaja kazi ya kwaya kubwa, waimbaji arobaini, nyimbo kumi, za kumalizwa kwa siku mbili. Remi alikuwa ameenda bondeni na lori la kina Mama Rukia kumsaidia kuhesabu magunia. Siku ya pili, katikati ya wimbo wa sita, tableti ikaandika kwamba nafasi imejaa. Kwaya imesimama, mwalimu wao ameinua mkono hewani, sopranu wanapepesa macho. Nikafungua orodha ya mafaili, nikaipanga kwa ukubwa, na juu kabisa yakakaa manne ya Kasense, mazito kuliko mengine yote. Nilijiambia neno ambalo nalikumbuka mpaka leo kwa sababu niliona lina akili: mahindi yakishapukuchuliwa, gunzi la nini? Vipande vyote ninavyo. Preseti ipo. Yale manne ni marefu tu, upepo na vicheko na ng'ombe wa jirani. Nikayachagua, nikayafuta, nikaingia na kwenye kapu la takataka nikalisafisha, maana nilikuwa mtu wa nidhamu. "Haya mwalimu," nikasema, "tuendelee." Mkono wake haukuwa umeshuka.

Sikumwambia Remi, na wakati ule sikuwa ninaficha. Niliona ni kama kumwambia mtu umefagia.

Mama Remi alifariki mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Alirudi kutoka kupanda mahindi, akakaa kizingitini avue viatu vya mvua, akavua kimoja. Walisema presha. Nilifika Kasense na Mama Rukia, aliyefunga duka na kuja na sukari na mablanketi mawili, moja likiwa lile la kijani la ukuta wetu wa mlangoni. Kaburini padri alipomaliza, Remi akaomba kusema. Alikuwa na udongo kwenye mikono mpaka viwikoni. "Ndugu zangu," alisema, "mnajua mama alivyokuwa anaanzisha kazi. Nataka niwape moyo. Mama hajanyamaza. Sauti yake ipo, yote, tangu mwanzo mpaka mwisho, ipo kwa ndugu yangu Zaka. Siku ya arobaini, tukitoka misani, mtamsikia." Watu wote wakageuka kunitazama. Mzee mmoja, nadhani baba yake mdogo, alinishika mkono akaniambia, "Ahsante mwanangu. Umetufanyia jambo." Pale pale, kabla udongo haujasawazishwa, ningeweza kumvuta Remi pembeni nikamwambia. Nimeyarudia maneno hayo katika vyumba vingi: Remi, niliyafuta, nisamehe. Matatu tu. Yangemaliza kila kitu siku ambayo tayari kila kitu kilikuwa kimevunjika, na huzuni yangu ingepotea ndani ya ile kubwa. Nilisema, "Ahsante mzee."

Niliporudi mjini nikaanza kuujenga upya wimbo wake. Nilikuwa na siku arobaini kasoro, na vipande sitini na vitatu. Nilifikiri kwa kuwa sauti ni yake na maneno ni yake, basi wimbo ni suala la kupanga tu. Nilijua ulianza na "eeh", nilikumbuka kidogo jinsi ulivyopanda na kushuka. Nilipanga mama juu 1, mama chini, fimbo, nikarudia, nikahamisha. Maneno yaliyokosekana niliyafidia kwa kurudia yaliyopo. Nilifanya kazi mchana, Remi akiwa Kasense na wageni wa msiba, na kila alipokuja mjini nilifunga programu. Mama Rukia alikuwa upande wa pili wa ukuta na mashine yake ya kushona pindo. Siku moja aliacha mashine, akaja akasimama mlangoni.

"Zaka. Huyo mama unamfanya nini?"

"Namsafisha, mama. Kwa ajili ya arobaini."

"Wiki ya pili nasikia 'eeh', 'eeh', 'eeh'. Marehemu haitwi hivyo. Mtu akisikia atadhani unamnyima njia." Akaangalia kioo cha tableti, akaniangalia mimi. Alikuwa ameuza vitu maisha yake yote, alijua uso wa mtu ambaye hana mzigo alioahidi. "Huna, eeh?"

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya marobota, akajipepea na upande wa mtandio ingawa kulikuwa na baridi. "Kamwambie mwenzio," akasema. "Leo. Kabla hajaketi mbele za watu. Akilia, alie mbele yako peke yako."

Nilienda kweli. Nilimkuta Remi mgahawani, kichwa kimenyolewa, anakula kwa mkono wa mtu asiyeonja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akasema, "Kaka, kuna kitu kinanitisha. Maneno yake nayakumbuka. Namkumbuka anavyoniita asubuhi, neno kwa neno. Lakini sauti inakataa kuja. Nikijaribu, inakuja sauti ya Skola." Akasukuma sahani. "Nisikilizishe kidogo tu. Dakika moja." Na mimi, niliyekuja kumwambia ukweli, nikamwambia, "Subiri siku yenyewe. Nausafisha. Utakuwa mzuri zaidi." Akanishukuru. Akalipia na chai yangu.

Mara nyingi najiuliza kwa nini mtu husema uongo ambao tarehe ya kufichuka kwake imeshapangwa na kanisa. Nilipokuwa kijana ningesema ni woga. Sasa nadhani ilikuwa kiburi cha fundi: niliamini kweli kwamba naweza. Niliamini kwamba mtu anaweza kutengenezwa kutokana na sehemu zake zilizo safi. Mpaka asubuhi ile ya arobaini, nikiwa nimebeba spika begani kwenye njia ya kwenda Kasense, kuna sehemu yangu iliyokuwa inangoja kusifiwa.

Baada ya misa watu walikula, wakakaa uani kwenye viti vya kukodi na mikeka. Spika iliwekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Wale wanawake sita wa siku ya kupura walikaa mbele pamoja na Mama Mkubwa, na nikaelewa kwa kuwatazama kwamba walikuwa wamepanga kumwitikia. Remi alisimama kando ya spika, mkono mmoja juu yake, kama mtu anayemshika mama begani. Akanipa ishara. Nikagusa.

"Eeh" ilitoka vizuri, nzito, yenyewe kabisa, na uwanja mzima ukashtuka. Mtu mmoja akalia kwa sauti. Mstari wa kwanza ukapita. Wanawake wakafungua midomo kuitika, lakini mstari wa pili ulikuwa umeshaingia. Wakangoja, wakajaribu tena, wakaingia wawili, wanne wakachelewa, wakatazamana. Mama Remi aliendelea kuimba, mstari juu ya mstari, bila kusimama, bila kupungua, safi kama maji ya chupa. Mmoja baada ya mwingine wakafunga midomo. Nilisikia sauti kutoka kwenye spika na nilisikia bendera ya plastiki ikipigwa na upepo kwenye paa la jirani. Ndipo Mama Mkubwa akasema, kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nielewe:

"Mbona hapumui?"

Akasogea mbele kidogo kwenye mkeka. "Huyu mdogo wangu kabla ya kuanzisha alikuwa anavuta pumzi, hiiih, tunaisikia, tunanyanyua fimbo. Ndiyo tunajua pa kuingia. Huyu hapumui. Na hayo maneno yamefuatana vipi? Remi, anasema nini huyu?"

Remi aliondoa mkono juu ya spika. Aliniangalia, na najua kwamba alielewa mara moja, maana alikuwa amekaa nami mwaka mzima na alijua kila nilichokiita uchafu. Akainama akazima mwenyewe.

Nilimweleza nyuma ya nyumba, karibu na kihenge, Skola akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu na sinia tupu mkononi. Nilieleza vibaya, nikaanza na nafasi ya tableti, na kwaya, na mwalimu aliyeinua mkono. Skola ndiye aliyesema. "Kwa hiyo ulimkatakata mama kama kuku wa sikukuu, shingo huku, mabawa huku, ukatupa mchuzi. Halafu umetuletea mifupa tuitikie." Remi akamwambia, "Skola, acha." Akaniambia mimi, kwa adabu ambayo ilikuwa mbaya kuliko kofi, "Nenda mjini, kaka. Watu wanataka kusali."

Alikuja chumbani Alhamisi ya wiki ile, asubuhi, mvua ikinyesha. Hakubisha hodi. Alikaa kwenye kiti chake, akafuta miwani, akasema, "Fungua preseti ya mama." Nikafungua. "Vipo vingapi?" Nikamwambia sitini na vitatu. "Tunavifuta."

Nilimsihi. Nilimwambia asifanye hivyo akiwa na hasira, ni vyote vilivyobaki, angalau kile kicheko, kicheko ni kizima, hakikukatwa mahali. Alitikisa kichwa. "Sina hasira. Mama yangu tumemzika mzima. Humu ndani anakaa hivi, kila kiungo na jina lake ulilokipa wewe. Na kicheko nikikuachia, siku moja utakiweka kwenye biti ya mtu. Si kwa ubaya. Kitakaa vizuri, na wewe utakiweka."

Hilo sikuweza kulikataa.

Programu ile ilikuwa na tabia moja ambayo watengenezaji wake waliona ni msaada: huwezi kuchagua faili bila kulisikia. Ukiligusa, linapiga kwanza, kisha ndipo linakuuliza unataka kulifanya nini. Remi aligusa la kwanza na mama yake akasema "eeh" kwenye chumba kile cha mablanketi, na mkono wa Remi ukaruka kama aliyeshika moto. Akagusa tena. "Eeh." Akabonyeza futa. Akaenda la pili.

Hakuniruhusu kumsaidia. Alikwenda moja moja, kwa mpangilio, na kila moja alilisikiliza mpaka mwisho, hata lilipokuwa fupi kuliko kupepesa jicho. Mashine ya Mama Rukia ilikuwa imenyamaza upande wa pili. Kikohozi. Kofi moja. Neno moja la juu. Alipofika kwenye kicheko alifunga macho, akakifuta akiwa ameyafunga. Mimi nilikaa nimeshika magoti, nikatambua kwamba kwa miezi yote ile nilikuwa sijawahi kuvisikiliza hivi, kimoja kimoja, kama vitu vilivyosemwa na mtu.

La mwisho nilikuwa nimelipa jina la mama kati. Sikuwahi kulitumia. Halikuwa wimbo, yalikuwa maneno manne au matano aliyoyasema wakati wa mapumziko, sauti imegeukia upande wa nyumba, nami nililihifadhi kwa kuwa lilipanda vizuri mwishoni. Remi alilisikiliza. Akaligusa tena, akalisikiliza mara ya pili, na hilo peke yake ndilo alilolirudia baada ya lile la kwanza.

"Anasema nini hapo?" nikamwuliza.

"Anamwuliza Skola kama mgeni ameshapewa maji ya kunawa," alisema, akalifuta.